Usinigongee Mara Mbili

Karakana, Jumatatu, 3 Machi

Kwako Kipaza, mdogo wangu,

Kabla hujaanza kulalamika kwamba simu yangu haipatikani, nakwambia mwenyewe: imeanguka kwenye ndoo ya gundi. Nimeitoa, nimeifuta, nimeianika dirishani. Inawaka taa lakini haitoi sauti. Kwa hiyo tutaandikiana kama watu wa zamani. Mzee Sponji anapita kwenu na kwetu kila wiki na lori lake la magodoro, na amekubali kubeba barua zetu bure, mradi tu zisiwe nzito kumshinda yeye.

Pamoja na barua hii nakurudishia bastola yako ya kupigia pini. Najua uliinunua kwa nia njema. Lakini mimi ni fundi makochi, si jambazi. Niliijaribu mara moja, ikalia pa! Mama akamwaga chai yote mapajani. Halafu ukishika lile dude mkono mmoja, kitambaa anavuta nani? Mimi nina nyundo yangu na vimisumari vyangu, na vinakaa palepale vilipokaa tangu nikiwa mtoto: mdomoni, ndani ya mdomo wa chini. Ulimi unasukuma kimoja, nyundo ya sumaku inakidaka, napiga, na mkono wa pili haujaachia kitambaa. Ndivyo Baba alivyotufundisha, na hakuna dude la betri litakaloniambia vingine.

Sasa habari kubwa. Mahakama imeniletea viti vyake vyote nivivalishe upya. Na unajua kiti cha hakimu ni cha nani? Cha Baba! Nilikipindua tu nikajua. Vimisumari vyote vimelalia upande mmoja kidogo, vile mkono wake wa kushoto ulivyokuwa ukipiga. Nimeving'oa taratibu, nimevisuuza kwa maji, nimevitia mfuko wa aproni. Vitarudi kwenye kiti hichohicho, na vinapitia mdomoni mwangu kama vilivyopitia kwake. Karani wa mahakama anavitaka viti kabla Aprili haijaisha. Atavipata.

Mama mzima, anakusalimu. Mimi sina neno, kazi tu.

Dada yako,
Nyundo


Stesheni, Jumapili, 9 Machi

Dada, shikamoo.

Barua nimepata na bastola nimepata. Na ushuhuda wa Mzee Sponji nimepata pia. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, akiwa ameegemea dirisha langu la matangazo na foleni ya abiria iko nyuma yake:

"Dada yako amenipokea kama ukuta. Nimemsalimia, amegonga meza mara mbili. Nimemuuliza barua iko wapi, amenyoosha kidole. Nimemuaga, amegonga tena mara mbili. Binti, nyinyi mmegombana?"

Nimemwambia hatujagombana. Lakini sasa najiuliza. Umeninunia kwa ajili ya bastola? Kama ndivyo, sema. Mimi sikuinunua kumdharau Baba. Niliinunua kwa sababu kila nikifumba macho nakuona umeinama kwenye kochi na mdomo umejaa vyuma, na nawaza siku utakayopiga chafya.

Na hiyo habari ya gundi, dada yangu, nani kakwambia naiamini? Mtu anayepanga vitambaa kwa rangi na nyuzi kwa unene, anayefunika kila ndoo hata akienda chooni tu, ndiye wa kuangusha simu kwenye gundi?

Lakini nimecheka kusikia bado unagonga. Mara moja, njoo. Mara mbili, nipo, niko sawa. Mara tatu, chakula tayari. Tulikua hivyo, watu watatu kwenye karakana moja, midomo imejaa vimisumari, tunazungumza kwa nyundo siku nzima mpaka majirani wakadhani nyumba nzima mabubu. Mimi ndiye niliyeshindwa. Nilivitema mezani nikaenda kutafuta kazi ya kuongea, na sasa nalipwa kuwaambia watu kwamba treni imechelewa. Baba aliniita Kipaza kwa kunikomoa, na jina limenilipa.

Nakutumia mfuko wa karanga za pilipili, zilezile. Ukizimaliza kabla lori halijageuza, kama kawaida yako, nitajua tumepatana.

Mdogo wako,
Kipaza


Karakana, Ijumaa, 14 Machi

Kipaza,

Sijanuna. Sina muda wa kununa. Kiti cha hakimu kimebaki mifupa, cha wakili mmoja kina mguu unaocheza, na yule karani amekuja tena kusimama mlangoni akiangalia saa yake kana kwamba nimeiazima.

Karanga nakurudishia. Sipendi tena pilipili. Mtu hubadilika.

Simu bado mbovu. Usimpigie jirani yetu fundi cherehani ili akupe Mama. Mnamsumbua, ana kazi zake.

Niache nifanye kazi.

Nyundo


Stesheni, Jumatatu, 17 Machi

Dada, shikamoo, na leo sitanii.

Mfuko wa karanga umerudi haujafunguliwa hata kona. Nimekaa nao mezani siku nzima. Nimetangaza treni ya mizigo kuwa ya abiria, watu wamekimbilia makontena na mabegi yao, na mkuu wa stesheni amekuja kunigongea kioo. Akili yangu ilikuwa kwenye karanga.

Ndiyo, nimempigia fundi cherehani. Akampelekea Mama simu. Nikamuuliza, "Mama, Dada anakula nini siku hizi?" Akasema uji. Nikamuuliza uji wa namna gani. Akasema, "Anauacha upoe kabisa, halafu anaunywa kwa mrija. Anasema unakata joto."

Uji wa baridi, kwa mrija! Nilikaa chini pale pale, dada, kwenye sakafu ya chumba cha matangazo. Unadhani nimesahau nani mwingine kwenye nyumba ile alianza na uji wa baridi? Unadhani nimesahau Baba akitembea na vimisumari mdomoni hata siku ambazo hakuna kochi karakanani, ili mtu asimlazimishe kuzungumza? Tulikuwa watoto lakini tulikuwa na macho. Halafu kwenye msiba kila mtu akaambiwa ni kifua, na sisi tukaambiwa ni kifua, na mpaka leo ukimuuliza Mama anasema kifua.

Una vidonda mdomoni. Usinijibu kwamba huna.

Nimeenda duka la dawa hapa mkabala na stesheni. Muuza dawa ameniambia hivi, nami nakuagiza kama mdogo anavyoruhusiwa kumwagiza mkubwa wake, yaani kwa kupiga kelele: maji ya vuguvugu na chumvi kidogo, unasukutua na kutema, kila ukimaliza kula. Mswaki laini. Usile kikali, kichachu wala cha moto. Usimruhusu mtu akusugue na kitu chochote. Na vimisumari vitoke mdomoni leo hii, si kesho.

Na hili ndilo kubwa. Amesema vidonda vingi vya mdomo vinapona vyenyewe wiki mbili hivi. Lakini kama kuna kimoja kinachokaa tu, hakiondoki, hicho hakifai kuzungumziwa dukani, kinapelekwa kwa daktari. Simama mbele ya kioo, fungua mdomo, utoe ulimi, uangalie pande zote mbili. Halafu uniandikie ulichokiona. Naogopa, dada. Nasema wazi, naogopa sana.

Kipaza


Karakana, Jumamosi, 22 Machi

Mdogo wangu,

Haya, umeshinda. Simu haikuanguka popote. Ni nzima, iko kwenye droo ya mikasi. Nilijua ukiisikia sauti yangu utajua, maana kila neno lenye "s" linanikata. Jaribu kusema "shikamoo" na ulimi umevimba. Ndiyo maana Mzee Sponji alipokelewa na ukuta.

Nimeangalia kwenye kioo kama ulivyotaka. Ndani ya mdomo wa chini, pale vimisumari vinapokaa, hapana pa kuweka kidole. Vidonda vimepangana, vyeupe katikati na vyekundu pembeni, vingine vimeungana. Ufizi unawaka moto. Maji ya kunywa yanauma. Hata mate yananiuma, Kipaza, na mate utayakimbilia wapi? Mama alinisugua na jiwe la shabu, nikalia kama mtoto. Fundi cherehani akasema limau na chumvi. Nilimfuata na nyundo hadi kwake, na kama si yule mteja aliyekuwa anapimwa suruali, leo ungenisoma gazetini.

Hivyo vyote vimekuja ghafla, baada ya kuanza viti vya mahakama. Lakini kuna kimoja kingine. Kiko ubavuni mwa ulimi, upande wa kushoto, karibu na lile jino langu lililovunjika. Hicho kilikuwepo kabla ya viti, kabla hata ya mvua. Hakiniumi sana, ndiyo maana sikukitilia maanani. Kingo zake ni ngumu ukigusa.

Sasa nisikilize. Umeuliza, nimekujibu, na hapo tumemaliza. Siendi kokote. Baba alikwenda, wakamuangalia, akarudi na bahasha na hakushika nyundo tena. Mimi nina viti vya mahakama na nina mama wa kumlisha. Nikienda wataniambia niache vimisumari. Nikiacha vimisumari mimi ni nani? Mwanamke mzima anayevuta kitambaa kwa mkono mmoja na kutafuta msumari kwa mwingine, kama mwanafunzi wa siku ya kwanza? Mdomo ni wangu. Nimeufungua mbele ya kioo kwa ajili yako, sitaufungua mbele ya mtu mwingine.

Na usimwambie Mama nilivyoandika juu ya Baba.

Nyundo


Stesheni, Jumanne, 25 Machi

Dada,

Mdomo ni wako. Na mimi ninao wangu, wa serikali, umeunganishwa na spika za stesheni nzima. Usipokwenda kwa daktari nitasimama pale asubuhi, wakati jukwaa limejaa, nitangaze: "Abiria wote mnaombwa kuzingatia. Fundi makochi mwenye nyundo ya sumaku, dada wa mtangazaji huyu, ana kidonda kwenye ulimi na anaogopa daktari kama mtoto wa chekechea." Nitarudia mara tatu. Wanifukuze kazi.

Mimi sikukuuliza wewe ni nani bila vimisumari. Najua wewe ni nani. Ndiye uliyenibeba mgongoni kwenda shule siku barabara ilipojaa maji, ukinitukana njia nzima. Sina dada mwingine na sitaki mwingine.

Nimeomba likizo. Ijumaa nakaa mbele na Mzee Sponji, katikati ya yeye na redio yake mbovu. Ukifunga mlango wa karakana nitaongea nikiwa nje, na unajua nina pumzi.

Na nikikuuliza kama unaumwa, usinigongee mara mbili. Baba alinigongea mara mbili mpaka mwisho.

Kipaza


Karakana, Ijumaa, 4 Aprili

Kwako mwenye spika,

Umefika salama? Koo lako linaendeleaje? Mtaa huu bado haujatulia. Muuza mkaa ananiita "abiria". Ulisema nikifunga mlango utaongea ukiwa nje, nikaufunga, lakini sikujua mtu anaweza kutangaza kuondoka kwa dada yake kwenda kwa daktari, jukwaa namba moja, bila kupumzika, mpaka majirani wakaja kugonga mlango wangu wakiniomba nipande hiyo treni ili walale mchana.

Nakuandikia haya kwa sababu ulikuwa nje ya kile chumba na sikukusimulia vizuri. Ulimi ulikuwa na ganzi na mimi nilikuwa na hasira.

Yule daktari wa meno alinikalisha kwenye kiti. Nilikikagua kwanza. Plastiki tupu, kimepasuka mshono wa shingo, ningeona haya kumpa mgonjwa. Akasema, "Fungua mdomo." Nikaubana. Akasubiri. Hakunigombeza, akavuta kigoda akakaa, akasema ana mchana mzima. Nikaufungua.

Alipoona mdomo wa chini akauliza, "Huwa unaweka nini hapa?" Nikatoa vimisumari kwenye mfuko wa aproni nikavimwaga kwenye sahani yake. Akakichukua kimoja na koleo, akakisogeza puani, akakiweka chini haraka. Akauliza vimetoka wapi. Nikamwambia kwenye kiti cha mahakama. "Kiti hicho kiliwahi kupakwa dawa ya mchwa?"

Kipaza, nilitaka ardhi inimeze na kile kiti chake kibovu. Bila shaka kilipakwa! Viti vyote vya mahakama vilipakwa, Baba mwenyewe alivipaka, sisi tulikuwa tunamshikia kopo. Ile dawa nyeusi ya mafuta imeingia kwenye mbao, ikakaa na vile vimisumari miaka yote hii, kutu ikainywa. Na mimi nikavisuuza kwa maji matupu nikavitia mdomoni. Wiki tatu nzima nimekuwa nanyonya dawa ya mchwa kwa heshima. Nilicheka mpaka vidonda vikatoa damu, na daktari akacheka, kisha akaniambia inatosha, fungua tena.

Hivyo vidonda vinapona. Tangu nivitoe vile vyuma, na maji ya chumvi, na ile dawa ya kupaka, jana nimekula wali. Wali wa uvuguvugu, lakini wali. Jino lililovunjika amelichonga lisinikwaruze.

Kile cha ubavuni ni habari nyingine. Uliuona uso wake alipotoka. Amekata kipande amekipeleka kupimwa. Aliniuliza, "Kwenu kuna aliyewahi kuugua mdomo?" Nikafungua kinywa kusema baba yangu alikufa kwa kifua. Neno hilo lilikuwa mdomoni tayari, nimelisema maisha yangu yote. Halafu nikasema, "Baba. Kidonda cha ulimi." Sijui kama nilisema vizuri kwa ile ganzi, lakini aliandika.

Sasa wewe. Umenikokota kwa daktari, nashukuru. Lakini kwenda kumwambia Mama usoni, mezani, kijiko kikiwa mkononi mwake, kwamba alitudanganya, halafu ukapanda lori bila hata kumuaga? Umewasha moto ukaniachia nyumba. Mama haongei. Anakaa dirishani na sahani yake mapajani, anaiangalia. Nami ulimi una nyuzi siwezi kumbembeleza. Tumekuwa mabubu wawili na hakuna hata wa kugonga.

Dada yako,
Nyundo


Nyumbani, Jumatano, 9 Aprili

Mwanangu,

Mimi si mwandishi, utanisamehe mkono wangu. Dada yako hajui kwamba nakuandikia.

Ulisema nilidanganya. Ni kweli, nilidanganya. Sasa nikwambie kwa nini, halafu unihukumu ukitaka, kiti cha hakimu kiko hapa uani.

Baba yenu ndiye aliyeniambia nitaje kifua. Alisema, mke wangu, kila kochi la mji huu limepigwa vimisumari vilivyotoka mdomoni mwangu. Wakijua mdomo huu una nini, nani atakalia? Nani atamletea binti yangu kazi? Watayachoma makochi yao barabarani. Aliogopa hilo kuliko alivyoogopa kufa. Nikamuahidi. Na kazi zikaendelea kuja, na dada yako akakulia kwenye hizo kazi, na wewe ukasomea hizohizo.

Nilikuwa namuuliza kila asubuhi, unaumwa? Anagonga kitanda mara mbili. Nilijua ni uongo. Nami nikawa nagonga mara mbili, kumaanisha nimesikia, niko sawa. Tulikuwa tunadanganyana kwa vidole, mwanangu, mpaka asubuhi moja niligonga peke yangu.

Halafu dada yako akaanza uji wa baridi. Niliona. Usidhani sikuona. Nilimuandalia mrija mimi mwenyewe na nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimezoea kunyamaza. Hilo ndilo linaloniuma, si maneno yako ya mezani.

Jana nilikwenda kwa fundi cherehani nikamwambia mume wangu alikufa kwa kidonda cha mdomoni. Nikaenda kwa mwenye duka nikamwambia. Nikamwambia na muuza mkaa, ambaye hakuwa ameniuliza. Leo nitaenda bombani, ndiko wanakojaa. Miguu inaniuma lakini naenda.

Ukija tena, usiondoke bila kuniaga. Hilo tu.

Mama yako


Stesheni, Jumapili, 13 Aprili

Dada, shikamoo.

Mpe Mama barua yake iliyo ndani ya hii. Usiifungue. Nimemuomba radhi na sitaki kuomba mbele yako.

Na sasa nikushitaki. Jana nilipiga simu. Ile ya kwenye droo. Ukapokea! Moyo ulinipasuka kwa furaha. Nikakuuliza, "Dada, majibu yametoka? Dada, unaumwa?" Nikasikia ko, ko. Mara mbili. Kwenye mbao.

Nikakata. Nililia mbele ya abiria, mmoja akanipa leso na kuniuliza kama treni yake imepata ajali.

Najua una nyuzi kwenye ulimi. Lakini ungeweza kuguna. Ungeweza kulia tu, ningesikia. Majibu yakija, hata yawe mabaya kuliko yote, usinigongee. Niambie mambo yalivyo. Nitakuja na kitanda changu.

Kipaza


Karakana, Jumatano, 23 Aprili

Kipaza, mdogo wangu mpenzi,

Majibu yametoka na kazi imeshafanyika. Sikukuita kwa sababu daktari alisema twende siku hiyohiyo, na Mama alikuwa nami, amevaa viatu vya kutokea.

Nakwambia mambo yalivyo. Kile kidonda kilikuwa kimeanza kugeuka. Ndicho hichohicho cha Baba, lakini cha Baba kilipewa muda, hiki hakikupewa. Wamekikata chote na nyama ya pembeni kidogo. Wamepima pembeni, ni safi. Ulimi wangu sasa una pengo upande wa kushoto na nyuzi mpya, na nitakuwa narudi kuchunguliwa kila baada ya miezi michache, pengine maisha. Inauma. Inauma sana, Kipaza, usiku na mchana, nakula maziwa na ndizi zilizopondwa, na jana nimemtukana nzi. Lakini daktari amesema, "Umekuja mapema." Nikamwambia sikuja, nililetwa na stesheni ya treni.

Sasa sikia kilichotokea jana.

Yule karani wa mahakama alikuja. Habari za Mama zilikuwa zimemfikia, maana bombani hakuna siri. Hakuingia ndani. Akasimama mlangoni na leso puani, akasema, "Fundi, tumesikia mambo. Hivi viti vinatoka midomoni mwa watu wagonjwa. Mheshimiwa hawezi kukalia kitu kama hicho. Nimeleta watu wa kuvibeba, tutavipeleka kwa mwingine."

Nikamuangalia Mama. Alikuwa amekauka pale kwenye kigoda chake. Maneno ya Baba yalikuwa yamemfuata mpaka ndani ya nyumba.

Nilikuwa nimekatazwa kuongea. Maneno machache tu kwa siku, na ya jana nilikuwa nimeshayamaliza, nyuzi ni mbichi. Nikasimama. Nikasema, Kipaza, kwa mdomo wangu. Nilisema kama mlevi, na mate yalinitoka, na sikujali.

Nikamwambia, "Kiti hicho alikitengeneza baba yangu, akiwa na kidonda mdomoni. Mahakimu wote wa mji huu wamekikalia. Nani kati yao amewahi kuugua, zaidi ya kuvimbiwa? Ugonjwa huu hauambukizi kwa makalio. Kamuulize daktari, yuko hapo kona ya pili. Ukitaka viti vyako vichukue, lakini vya mawakili havina sponji na cha Mheshimiwa kimebaki mbao. Mwambie akalie hivyo, na mwambie ni wewe uliyeamua."

Akasema, "Fundi, mimi ni mjumbe tu."

Mama akasema, "Basi mjumbe, ingia ndani ukae ujaribu." Akamsukumia kochi la mteja, lile la kijani. Na unajua, yule bwana alikaa! Akadunda kidogo, kisha akadunda tena. Wale wabebaji wakakaa nao. Mama akawapikia chai. Wameondoka bila kiti hata kimoja, na ametuongezea wiki.

Uzi mmoja ulikatika. Daktari amenigombeza leo asubuhi, na nimemsikiliza, kisha nimempimia kile kiti chake cha plastiki. Nitakivalisha.

Vimisumari vya Baba navirudisha kwenye kiti cha hakimu, vyote, kwa koleo. Navipiga nikivilaza upande mmoja kidogo. Vipya vinakaa kwenye kisahani cha sumaku nilichojifunga mkononi. Naenda polepole kama konokono, najigonga vidole, natukana. Bastola yako usiilete. Hapo bado hatujafika.

Kitu kimoja sikukitarajia. Mdomo ukiwa mtupu, maneno yanakuja yenyewe. Daktari ameniruhusu machache kwa siku na mimi nayamaliza kabla ya saa nne. Namsimulia Mama, nawasimulia wateja, nakisimulia kiti. Mama amesema jana kwamba labda vile vimisumari havikuwa vibaya kiasi hicho, halafu akacheka, sijamsikia akicheka hivyo tangu tukiwa wadogo.

Ulinikasirikia kwa kukugongea. Ulikuwa na haki. Uliponiuliza kama naumwa nilikuwa naumwa, na nilikuwa na hofu ya kufa, na mkono wangu uligonga kabla sijafikiri. Mkono wa Baba.

Jumamosi, ukishatangaza treni ya mwisho, kaa karibu na simu. Nitapiga mimi. Niulize tena kama naumwa.

Dada yako,
Nyundo